Kwa anayetaka kugawa mfumo wa nyumba za wageni Bagamoyo katika huduma tisa

Usiugawe. Umeandika kwamba mteja wako wa Bagamoyo anataka tovuti ya kuhifadhi vyumba na kuwalipa waongoza watalii wa magofu ya Kaole, kwamba mko watu wawili na mna miezi minne, kisha ukauliza mtumie lugha gani ya programu, seva mziweke wapi na mteja mumtoze kiasi gani. Mwishoni ukaambatisha mchoro wa huduma tisa zinazojitegemea, yaani programu ndogo tisa zinazowasiliana kwa mtandao, kila moja na hifadhidata yake. Mchoro huo ulinitia uchungu, kwa sababu nami nilichora unaofanana nao hapa Ngamiani, Tanga, na watu wasio na hatia wakaulipia.

Kazi yetu ilikuwa mfumo wa kuagiza machungwa ya Muheza. Mnunuzi aliagiza mtandaoni, akapewa namba ya kumbukumbu, akalipa kwa simu, na mkulima akaarifiwa achume kabla lori halijafika. Tulikuwa watatu. Mteja alimleta mshauri kutoka Dar es Salaam, naye akatueleza kwamba mfumo wa programu moja umepitwa na wakati, kwamba makampuni makubwa ya Marekani hugawa kila kitu, na kwamba tusipogawa tutajuta wateja watakapoongezeka. Bado nina hasira naye. Alilipwa kwa mchoro, akaondoka kabla hatujaandika hata mstari mmoja, wala hakuuliza tunatarajia maagizo mangapi kwa siku. Yalikuwa chini ya 100, kiasi ambacho seva moja ya bei nafuu inakimudu bila taabu yoyote.

Tukagawa katika huduma saba. Huduma ya malipo tuliiweka kwenye seva iliyoko Dar es Salaam ili iwe karibu na kampuni za simu, na huduma ya maagizo tukaiweka Ulaya kwa kuwa bei ilikuwa nzuri. Huduma ya maagizo ilikuwa na kanuni iliyoonekana ya busara kabisa: agizo lisilolipiwa ndani ya saa 24 linafutwa, na machungwa yake yanarudishwa sokoni.

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM, nyaya za chini ya bahari zinazotuunganisha na intaneti ya nje, ilipata hitilafu, na intaneti ya Tanzania ikayumba kwa siku kadhaa. Wanunuzi walioagiza siku iliyotangulia waliendelea kulipa kwa simu kama kawaida, kwa sababu malipo hayo hayakuhitaji kutoka nje ya nchi. Huduma ya malipo ikapokea fedha, ikaandika kwamba zimelipwa, ikajaribu kuiarifu huduma ya maagizo, isiipate. Kule Ulaya saa ziliendelea kuhesabiwa. Maagizo 14 yaliyokwisha kulipiwa yakafutwa, na mtandao uliporejea kwa kusuasua, mzigo uleule ukauzwa kwa watu wengine. Malori yalifika Muheza yakakuta hakuna cha kupakia. Tulirudisha fedha, tukalipa na nauli za malori, lakini wanunuzi watano hawakurudi tena, na mkulima mmoja mzee aliniambia usoni kwamba nimemfanya aonekane tapeli.

Hapo ndipo naomba utulie usome polepole. Malipo na agizo yangekuwa katika hifadhidata moja, yangeandikwa katika muamala mmoja: ama yote mawili yanakubaliwa, ama hakuna linaloandikwa. PostgreSQL, programu ya hifadhidata isiyolipiwa, inakupa uhakika huo bure. Mikongo ingekatika, huenda mfumo wote ungesimama, lakini ungesimama pamoja na saa yake ya kufuta maagizo, na ungeamka ukiwa na kumbukumbu moja ya ukweli. Ukishagawa, uhakika huo unaupoteza, na unalazimika kuujenga upya kwa mkono: foleni za ujumbe, majaribio ya kurudia, ukaguzi wa taarifa zilizofika mara mbili. Mwaka 1994 Peter Deutsch wa Sun Microsystems aliorodhesha dhana potofu za watu wanaojenga mifumo iliyosambaa kwenye kompyuta nyingi, na ya kwanza ni kudhani kwamba mtandao hautakatika. Mwaka 2023 kikundi kimoja cha Prime Video, ndani ya Amazon yenyewe, kilieleza jinsi kilivyounganisha tena chombo chake cha kukagua ubora wa video kuwa programu moja na kupunguza gharama kwa zaidi ya asilimia 90.

Kwa hiyo jenga programu moja yenye hifadhidata moja, na ndani yake tenga moduli, yaani sehemu za programu, za vyumba, malipo na waongoza watalii kwa mipaka iliyo wazi, moduli moja isiguse majedwali ya nyingine. Usitoe hata moduli moja nje mpaka uwe na vipimo vinavyoonyesha kwamba hiyo ndiyo inayolemewa. Namba ya muamala ya kampuni ya simu iwe ya kipekee kwenye jedwali, maana taarifa ya malipo yaleyale inaweza kuletwa zaidi ya mara moja.

Kabla hujakutana tena na mteja, chukua mchoro wako na uzungushie kila jozi ya matendo ambayo moja likifanyika bila jingine mgeni atafika Bagamoyo usiku akose chumba alichokilipia. Mimi nimeshaona nne. Ziunganishe, kisha uweke hapa mchoro mpya niutazame.