Nina miaka 58, nizamie na mjukuu?

Swali: Mjukuu wangu wa miaka 11 anataka tujifunze kuzamia kwa mtungi wa hewa huko Diani. Si nimezeeka? – Nyanya wa Buruburu

Jibu: Hujazeeka, Mama. Mimi nilianza nikiwa na 47, karo ya kitinda mimba ilipokwisha. Kabla ya hapo pesa ingetoka wapi? Masikio yaliniuma mita tatu tu chini. Nikabana pua, nikapuliza taratibu, yakazibuka.

Kozi ya cheti ya PADI, shirika la kimataifa la kufundisha uzamiaji, huanza miaka 10, ila mjukuu asizidi mita 12. Wewe kamwone daktari kwanza: presha, moyo, sukari. Na mkishazamia msikimbilie ndege: mkipanda juu mapema, gesi iliyobaki mwilini yaweza kugeuka vipovu vya hatari. Ngojeni angalau saa 18. Hata treni isubiri, Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya bahari.