Programu ya mizani haiwaki kwenye Ubuntu mpya: je, ninakili libssl ya zamani?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nasimamia kompyuta za kikundi cha wafanyabiashara wa dagaa hapa Mwaloni, Kirumba. Seva yetu ilikuwa na mfumo endeshi wa Ubuntu 20.04. Diski ikafa, tukanunua nyingine na kuweka 22.04. Data tulikuwa nayo pembeni, ikarudi salama, lakini programu ya mizani tuliyouziwa na kampuni moja ya Dar haiwaki. Inalalamika kwamba libssl.so.1.1, faili la maktaba ambayo programu huazima kazi zake, haipo. Fundi mmoja wa mjini akanipa amri ya ln -s, inayotengeneza kiungo, ili jina hilo lielekee libssl.so.3. Kosa likabadilika: sasa linasema OPENSSL_1_1_0 haikupatikana. Fundi anasema tumekaribia, nimpelekee flashi anipe libssl na libc kutoka kwenye laptopu yake. Nikubali?

JIBU: Marahaba. Usikubali, na hiyo libc, maktaba ya msingi ya mfumo wote, usiiguse kabisa.

Hamjakaribia popote. Kosa la kwanza lilikuwa linakwambia ukweli: programu yako ilijengwa kutumia OpenSSL (mradi unaotoa libssl) ya 1.1, na Ubuntu 22.04 imekuja na OpenSSL 3. Kosa la pili linakwambia ukweli uleule, ila sasa fundi wako amelilazimisha lizunguke kwanza. Ukishona gunia la dagaa na kuliandika sangara, mnunuzi atakayelifungua atakuta dagaa. Programu imelifungua hilo faili, haikukuta alama za toleo inalolitaka, ikakataa. Ishukuru kwa kukataa. Maktaba nyingine hazina alama hizo, na hapo programu huwaka vizuri, ikafanya kazi wiki nzima, halafu ikaanguka katikati ya mauzo bila kuacha maelezo ya maana.

Hili la kubadilisha majina nalikuta kila mahali na linanichosha. Ile namba baada ya .so haikuwekwa kama pambo. Wanaotunza maktaba huibadilisha pale ambapo programu iliyojengwa kwa toleo la zamani haiwezi tena kuaminiwa kwenye toleo jipya: funksheni zimeondolewa, au zimebaki na jina lakini tabia imebadilika. Mtu anayekwambia “ni namba tu, iunganishe” hajui namba hiyo inafanya kazi gani, na amekuomba uendeshe amri yake kwa sudo, yaani kwa mamlaka yote ya msimamizi.

Anza kwa kusafisha. Endesha dpkg -S, inayokuonyesha faili ni la pakeji gani, kwa njia kamili ya libssl.so.1.1, mara moja ukianza na /lib na mara nyingine na /usr/lib, kwa sababu siku hizi ya kwanza ni kiungo tu cha kwenda ya pili. Ikiwa hakuna pakeji inayolimiliki, basi ni kiungo cha mkono wa fundi. Kifute, angalia pia kama alifanya hivyohivyo kwa libcrypto.so.1.1, pacha wa libssl, kisha endesha ldconfig ili mfumo uzisome upya maktaba zake. Kosa litarudi kuwa lile la mwanzo, na hapo ndipo pa kuanzia. Ukitaka kujua programu inadai maktaba gani, tumia objdump -p na usome mistari ya NEEDED. Wengi hukimbilia ldd; kwa programu usiyoiamini mimi siitumii, maana katika mazingira fulani inaweza kuiendesha programu yenyewe.

Sasa tiba. Ya kwanza ni kuwapigia waliokuuzia. Waambie unataka toleo lililojengwa kwa Ubuntu 22.04. Kwa mtu mwenye msimbo wake mkononi mara nyingi hii ni kazi ya kuikompili (kuijenga) upya na kurekebisha sehemu chache. Wakikujibu kwamba njia pekee ni wewe kurudi 20.04, jua umeuziwa kitu kisichotunzwa. Matengenezo ya kawaida ya 20.04 yaliisha Mei 2025. Bado yanapatikana ya usalama kupitia usajili wa Ubuntu Pro, ambao kwa matumizi madogo ni bure hadi mashine 5.

Kwa hiyo kama dagaa wanashushwa kesho na huwezi kusubiri, weka mashine pepe (kompyuta ya kuigizwa na programu) yenye 20.04 ndani ya seva hiyohiyo, iunganishe na Ubuntu Pro, na programu ya mizani iishi humo peke yake. Kontena nayo inafaa. Hutumia kerneli, yaani kiini cha mfumo, ya seva lakini maktaba zake ni za ndani. Vyovyote utakavyochagua, isionekane kutoka intaneti. Mizani inaongea na seva kwenye mtandao wa ofisini tu, haina haja ya kuonekana Ulaya.

Najua kuna watakaokwambia upakue pakeji ya libssl1.1 ya 20.04 na kuiweka kwa dpkg -i. Sitakudanganya, programu itawaka, kwa sababu toleo hilo lina jina tofauti na linakaa sambamba na libssl3 bila kugombana. Ila hakuna hazina ya pakeji kwenye 22.04 itakayoliletea marekebisho. Utasahau kulisasisha, sote husahau. Na watengenezaji wa OpenSSL wenyewe waliacha kuitunza 1.1.1 kwa umma tangu Septemba 2023.

Tena fikiria ni maktaba gani tunayoizungumzia. Hii ndiyo inayofunga nywila na miamala isisomwe njiani. Aprili 2014 ilipotangazwa kasoro ya Heartbleed, OpenSSL kuanzia 1.0.1 hadi 1.0.1f ilikuwa inamruhusu mtu wa mbali kusoma vipande vya kumbukumbu ya seva. Waliokuwa wanatumia pakeji za mfumo wao waliapdeti, wakawasha upya huduma zao, wakabadilisha funguo. Waliokuwa na nakala zilizopachikwa kwa mkono ndani ya folda za programu waliapdeti pia, wakaona namba mpya, wakadhani wamepona, huku programu ikiendelea kusoma nakala ileile mbovu. Na wewe unataka kuipata maktaba ya namna hiyo kwenye flashi ya mtu? Najua bando ni ghali. Pakeji hii haifiki hata ukubwa wa video moja ya harusi.

Nije kwenye libc, maana hapa watu wamezika seva. Karibu kila programu ya Linux inaitegemea: ls, cp, sudo, hata ssh unayoingilia kwenye seva ukiwa mbali. Ubuntu 20.04 ina glibc (ndiyo libc ya Ubuntu) 2.31, 22.04 ina 2.35. Programu iliyojengwa kwa ya zamani kwa kawaida hukubali mpya, lakini iliyojengwa kwa mpya haikubali ya zamani. Fundi akiweka libc.so.6 ya 20.04 juu ya yako, zana za 22.04 zitaanza kudai matoleo ambayo faili hilo halina. Utaandika ls, itagoma. Utataka kurudisha faili la awali, cp nayo itagoma. Ukifunga dirisha la ssh kwa hasira, hutaingia tena, na kilichobaki ni kwenda ilipo seva ukaiwashe kwa flashi yenye mfumo mwingine. Kwako ni mwendo wa bodaboda. Kwa mwenye seva kwenye ofisi ya Nansio, kisiwani Ukerewe, na fundi yuko Mwanza, ni kusubiri kivuko.

Mafundi wa namna hiyohiyo ndio wanaobadilisha kiungo cha /usr/bin/python3 ili kielekee toleo jipya la lugha ya Python, kisha wanashangaa apt, zana ya kuweka pakeji, inalia kwamba apt_pkg haipo. Ubuntu 22.04 ilijengwa na Python 3.10 na zana zake zinaihitaji hiyo. Ukitaka nyingine, iweke pembeni na utumie venv, mazingira ya Python yaliyotengwa na mfumo. Ndio pia wanaoongeza hazina ya pakeji za Ubuntu mpya kwenye mfumo wa zamani kwa ajili ya programu moja, apt ikaivuta libc6 mpya na nusu ya mfumo pamoja nayo. Amri yoyote ya apt uliyotumiwa WhatsApp, iendeshe kwanza kwa apt-get -s, ambayo huigiza bila kugusa kitu. Soma orodha ya vitakavyoondolewa. Ukiona humo kitu usichokijua, acha, hata kama aliyekutumia ana kundi la watu elfu moja wanaomwita mwalimu.

Kabla hujafanya lolote, toa nakala mpya ya hifadhidata ya mizani uiweke nje ya seva. Kisha badilisha nywila ya sudo, kwa kuwa nadhani fundi wako anayo.