Karate ya fulu kontakti: maswali yenu

Wiki hii karibu nyote mmeuliza kuhusu karate ya fulu kontakti, ile ya kupiga kweli mpaka mtu aanguke. Maswali nimeyafupisha.

Mimi ni mkanda wa kahawia wa Shotokan, mtindo wa karate ya kuingia na kutoka, Temeke. Rafiki yangu wa Kyokushin anatamba kuwa kwao ndiko kwenye karate ya kweli, lakini ngumi za uso marufuku. Ukali uko wapi?

Mapajani na mbavuni, mdogo wangu. Kyokushin, mtindo wa Masutatsu Oyama, ina mashindano yake ya Japani nzima tangu 1969, na msingi wake ni huu: mikono mitupu, hakuna ngumi usoni, hakuna kushika. Teke na goti kichwani ruksa. Mpinzani akilala zaidi ya sekunde 3 ni ippon, pambano limekwisha. Akiinuka kabla ya hapo ni waza-ari, yaani nusu ya ushindi, na waza-ari mbili ni ippon.

Sasa ona sheria hiyo inavyofanya kazi. Kwa kuwa ngumi haiji usoni, watu husimama kifua kwa kifua wakitwangana mbavu na kukatana mapaja. Wewe uliyezoea kuingia na kutoka utafurahi dakika ya kwanza. Ya pili, paja la mbele limekufa ganzi na mguu haubebi uzito. Nimewaona wanaume wazima wakishuka ngazi za dojo, ukumbi wa mazoezi, kinyumenyume, mkono ukutani. Tena mikono huzoea kukaa chini, ndipo teke la kichwa linapomkuta mtu hana habari.

Mtindo wa Kudo wanavaa kofia yenye kioo. Si ndiyo salama kuliko zote?

Kwa pua na meno, ndiyo. Takashi Azuma, aliyetokea Kyokushin, alianzisha shule yake, Daido Juku, mwaka 1981 akitaka ngumi za uso zirudi; Kudo ikazaliwa humo. Wanapiga ngumi za uso, viwiko, hata kichwa kwa kichwa, wanatupana, na chini wanaendelea kidogo. Lakini ubongo hutikisika ndani ya fuvu, kofia iwepo isiwepo, na asiyeona damu huzidisha nguvu.

Ninachowasifia ni namna ya kupanga wapinzani: wanajumlisha kilo na sentimita. Mwenye sentimita 175 na kilo 70 ana 245, hakutanishwi ovyo na jitu. Mashindano ya wazi ya Kyokushin hayana kikomo cha uzito, na hilo silipendi hata kidogo.

Na mtindo wa Enshin?

Unaruhusiwa kumshika mwenzio kwa mkono mmoja, kumfagia na kumwangusha. Kabla hujajiunga, angalia sakafu. Kumbi zetu nyingi Dar ni saruji yenye mkeka mwembamba.

Olimpiki ya Tokyo mtu alizimishwa, akapewa dhahabu. Haki hiyo?

Ni haki kwa sheria zao. Ile haikuwa fulu kontakti. Katika fainali ya 2021, Tareg Hamedi wa Saudi Arabia alikuwa anaongoza 4–1, akampiga Sajad Ganjzadeh wa Irani teke la kichwa, jamaa akalala. Kwa WKF, shirikisho la karate la dunia ambalo sheria zake zilitumika pale, unatakiwa ufike na ujizuie. Kuzidisha nguvu kunakutoa. Teke lilelile Kyokushin lingekuwa ippon ya kushangiliwa.

Mwanangu ana miaka 13, sensei (mwalimu wake) anataka ashindane fulu kontakti. Niruhusu? (Mama, Tabata)

Shikamoo mama. Muulize sensei: watoto watavaa kofia, kinga ya kifua, ya ugoko na ya meno? Mateke na magoti ya kichwani yamezuiwa kwa umri huo? Wanapimwa uzito? Daktari yupo ukumbini, au ni kijana mwenye chupa ya spirit? Sensei akianza kuzungukazunguka bila kujibu, mwanao ashangilie wenzake mwaka huu.

Jumamosi nilipigwa teke la kichwa, sikuzimia, ila naona mwanga unaniumiza. Jumatatu nirudi mazoezini?

Huyu nilimjibu palepale, lakini mnaouliza hivi ni wengi. Usirudi. Mtikisiko wa ubongo hauhitaji uzimie. Onana na daktari, pumzika siku moja au mbili za mwanzo, kisha anza na kutembea, mazoezi mepesi, halafu kata, yaani miondoko ya peke yako bila mpinzani. Kupigana kuje mwisho kabisa, dalili zikiwa zimeisha na daktari ameridhia. Kichwa kikizidi kuuma, ukitapika, ukichanganyikiwa au usingizi ukikulemea, nenda hospitali saa hiyohiyo, na usiendeshe bodaboda mwenyewe.