Ardhi ya shule, mbona ina ng'ombe?

SWALI: Shikamoo kaka mhariri. Mi kwetu Tanga ila sasa niko Aurora, Colorado, huku Marekani, mwaka wa nne. Juzi nje ya mji nikaona seng'enge, nyasi mpaka jicho linachoka, ng'ombe watatu basi. Mwenzangu anasema eti hiyo ardhi ya shule, inakodishwa, na watu walishaipigia kura. Shule gani hiyo haina hata darasa?
Mama Wawili

JIBU: Marahaba dada. Toa kichwani lile shamba la shule la kwetu, wanafunzi na majembe. Hii ichukulie kama nyumba ya wakfu hapo Tanga, msikiti hauhamii humo, inapangishwa na kodi ndo inanunua mikeka. Kabla Colorado haijawa jimbo, sheria ya 1875 ilisema ardhi ikipimwa vipande 36 vya maili moja kwa maili moja, yaani ekari 640 kila kimoja, cha 16 na cha 36 ni vya shule, ndo maana kwenye ramani utaona viboksi vimetapakaa kama kete za drafti. Mpaka leo zipo karibu ekari milioni 3, wanakodi wafugaji, wakulima, watu wa mafuta. Jirani yako hapo kuna Lowry Ranch, zamani wanajeshi walikuwa wanajaribia mabomu humo!

Sasa kura yenyewe. Zamani msimamizi wa ardhi hiyo kazi yake ilikuwa moja, atafute hela nyingi iwezekanavyo. Novemba 1996 wapiga kura wakapitisha Amendment 16, yaani badiliko la katiba ya jimbo, ikawa atafute mapato ya kiasi na ya kudumu, na ekari kama 300,000 zitengwe zitunzwe. Wilaya ya shule ya Branson, kijiji kidogo kule mpakani na New Mexico, ikaenda kushtaki kwamba watoto wanapunjwa, na 1998 mahakama ya rufaa ikajibu ni kweli hiyo ardhi ni amana ya shule ila mabadiliko yenyewe hayajaivunja.

Branson nawaelewa kabisa, "kiasi" ni neno la mpira, kila mtu atalivuta kwake. Lakini na wewe, nyumba ya wakfu ungempa mpangaji anayeng'oa milango auze kuni, ati kodi yake nene?

Na hela inafika kweli, tangu 2008 kama nusu ya mapato yanaingia mfuko unaitwa BEST, wa kujenga na kukarabati shule. Hebu muulize mwalimu mkuu wa wanao kama paa lao limetoka humo.