Draivu za laptopu za zamani: nilitaka kubaki na moja, nimebaki na mbili

Mwaka jana mjomba wangu alipigwa MRI ya mgongo hapa Dar, akapewa ile bahasha kubwa yenye filamu nyeusi, ripoti ya ukurasa mmoja na CD. Tukapiga filamu picha kwa simu tukamtumia daktari aliyeko India, jibu likarudi kwamba hivyo haoni kitu, anataka mafaili yenyewe yaliyo kwenye CD. Sasa hapo ndo kazi ikaanza, maana nyumba nzima ina laptopu nne na zote ni zile nyembamba, hakuna hata moja yenye mlango wa CD. Kwa jirani hamna. Nikaenda steshenari ya mtaani ambayo zamani ndo walikuwa wanatuchomea CD, mashine ipo ila draivu ilishakufa na hawajaona sababu ya kununua nyingine.

Nikakumbuka droo yangu. Mimi nilikuwa natengeneza laptopu za watu kidogo kidogo, hizi za mtumba, na kila ikija ambayo imeshindikana nilikuwa nachomoa draivu na hadi diski (hard disk, ile inayohifadhi mafaili ya kompyuta) naweka kwenye droo. Mke wangu alishaniambia mara nyingi vile vyuma vitoke, na siku ile nilipovimwaga mezani nikawa na draivu sita na hadi diski tatu. Kati ya zote hizo, zilizonifaa ni draivu mbili tu. Kwahiyo ukiniuliza kama draivu za zamani zina maana kuzitunza nitakwambia ndio, ila sio zote, na inabidi ujue una nini mkononi.

Ya kwanza kuiaga ni ya flopi, zile diski za plastiki za mraba za zamani. Nilikuwa nayo moja, imetoka kwenye Dell Latitude za zamani zile ambazo ulikuwa unabonyeza unachomoa draivu ya CD unachomeka ya flopi au betri ya pili au hadi diski ya pili kwenye tundu lile lile. Flopi inabeba MB 1.44, picha moja ya simu ya leo haiingii. Kama kwenu hakuna flopi zenye kitu, iachie tu.

Zinazofuata ni draivu za CD na DVD, na hapa ndo watu wengi wanachanganya. Igeuze uangalie mkiani, pale inapochomeka. Kama ni soketi moja ndefu ya meno mengi madogo kabisa, hiyo ni IDE, njia ya zamani ya kuunganisha draivu na kompyuta, kabla haijaja nyingine inayoitwa SATA, na adapta zake (kifaa cha kuiunga draivu kwenye USB) siku hizi ni shida kupata. Mimi nilikuwa nazo tatu za hivyo, mbili zimetoka kwenye Latitude D630 na hizo zina soketi ya Dell yenyewe, yani hata adapta ya kawaida ya IDE haziingii. D630 zenyewe zilishakufa kwahiyo nikaziachia zote tatu. Ila kama vipande vimegawanyika viwili, kimoja kirefu kidogo na kingine kifupi, hiyo ni SATA ya draivu nyembamba, meno 7 ya data na 6 ya umeme, hiyo usitupe! Angalia tu usinunue waya wa hadi diski ukadhani utaingia, ule una meno 7 na 15, haukai. Muulize muuzaji adapta ya DVD draivu ya laptopu, au kesi kabisa ya kuiweka ndani, na upime unene kabla hujatoka nyumbani sababu zipo za milimita 12.7 na za milimita 9.5. Draivu ya 12.7 kwenye kesi ya 9.5 haiingii hata ufanyeje. Mimi nilipata adapta Kariakoo kwa hela isiyozidi chipsi kuku za watu watatu.

Kuitoa kwenye laptopu ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Nyingi zinashikwa na skrubu moja tu chini ya mashine, unaitoa, unasukuma draivu kwa nje inateleza yenyewe. Laptopu ikiwa imekufa kabisa na CD ya mtu imebaki ndani, kuna kitundu kidogo usoni pa draivu, chomeka pini au waya wa kubania karatasi ulionyooshwa, sukuma taratibu, trei inafunguka bila umeme.

Umeme nao ni jambo. Soma kibandiko cha juu, nyingi zimeandikwa 5V na ampea zaidi ya moja, wakati USB 2.0 kwa kawaida inatoa miliampea 500 tu. Ndo maana unachomeka draivu inaguna, inazunguka, inazima, unadhani mbovu kumbe ina njaa. Waya wenye vichwa viwili vya USB unatatua hilo, au tumia tundu la USB 3 ambalo lina nguvu zaidi.

Basi nikaunga draivu moja ya SATA niliyoitoa kwenye laptopu ya HP, CD ya mjomba ikasoma. Na hapa naomba mnisikilize vizuri maana niliwahi kumwona mtu akikosea: CD ya hospitali usichague kafaili kamoja kamoja. Kuna faili linaitwa DICOMDIR na mafolda yenye majina yasiyoeleweka, na mara nyingi kuna na kaprogramu ka kufungulia picha hizo hizo. Kopi KILA KITU kama kilivyo kwenye folda moja, uibane iwe faili moja la zip, ndo utume. Ukitoa hizo picha ukazigeuza kuwa za kawaida daktari anapoteza vipimo na uwezo wa kurekebisha mwanga. Tuliituma jioni ile ile kwa linki, asubuhi daktari akajibu anaona vizuri. Sijui ningefanyaje kama droo ingekuwa imeshamwagwa.

Sasa hiyo ya mjomba iliisha vizuri, ila ndo ikanifanya nikaitafute DVD ya send-off ya dada yangu ya mwaka 2009. Baba yetu alifariki 2016, na ile DVD ndo sehemu pekee tuliyo nayo sauti yake, anatoa nasaha kwa binti, kama dakika kumi na mbili hivi. Kwenye simu hatukuwahi kumrekodi, kipindi hicho nani alikuwa anawaza. DVD ilikuwa kabatini kwa mama, ndani ya kava la plastiki, ukiiangalia kwa nje nzima kabisa. Nikaiweka, inaenda vizuri, watu wanaingia ukumbini, MC anaita, baba anasimama, anashika maiki, picha inaganda.

Nilikaa pale muda mrefu.

Nilichofanya baadae nakiandika kirefu sababu kitasaidia mtu. Kwanza nikasafisha diski kwa kitambaa laini, unafuta kutoka katikati kwenda nje kwa mstari ulionyooka, usizungushe. Ikasogea kidogo ikaganda tena. Nikasafisha lensi, na huu ni uzuri wa draivu za laptopu, ukifungua trei lensi iko hapo hapo juu unaiona, pamba ya sikioni na ile spiriti mafundi simu wanaita IPA, tone moja, unagusa kwa upole. Bado. Nikaacha kuiplei, nikatumia programu ya bure inaitwa ddrescue kwenye Linux (mfumo wa kuendesha kompyuta, kama ilivyo Windows), yenyewe inakopi diski nzima kipande kwa kipande, ikikuta pabovu inaruka inaendelea mbele, alafu inarudi pale pabovu kujaribu tena na tena. Iliachwa usiku kucha. Asubuhi yamebaki mapengo.

Alafu ndo nikajaribu kitu ambacho kilibadilisha mawazo yangu yote kuhusu hizi draivu. Nilichukua ile draivu ya pili ya SATA, ambayo nilishapanga kumpa mtu, nikaendelea na kopi ile ile kutoka pale ilipoishia. Ikasoma sehemu kubwa ambayo ya kwanza ilishindwa! Diski ile ile, waya ule ule. Draivu hazifanani, kila moja ina lensi yake na namna yake ya kusahihisha makosa, inayokataliwa na hii inaweza kukubaliwa na ile. Ndo maana nimebaki na mbili.

Hadi diski nitasema kwa kifupi. Za SATA ukiziweka kwenye kesi zinakuwa eksternal nzuri ya muvi na nakala ya ziada, ila pima afya kwanza kwa programu ya CrystalDiskInfo, ikikuonyesha rangi ya njano au nyekundu toa vitu vyako haraka. Usiifanye ndo sehemu pekee unapoweka picha za familia. Na ukitaka kuiuza au kuigawa, fomati bila kutiki ile Quick Format, sababu ile ya haraka haifuti kitu, inaficha tu, na mtu mwenye programu ya bure anarudisha vyeti vyako vyote.

Watu wananiambia DVD zinakaa miaka mingi. Za kuchapwa kiwandani sawa, lakini hizi za harusi na kipaimara na maulidi karibu zote zilichomwa kwa kompyuta, zimeandikwa kwenye rangi ya kemikali inayochoka kwa joto na jua, na sisi tuliziweka juu ya TV na kwenye dashibodi. Draivu yako inaweza kuwa nzima na diski ikafa kabla yake. Kwahiyo kama unayo draivu itumie mwezi huu: fungua DVD, kopi folda la VIDEO_TS lote, ndo lenye video yenyewe, iweke sehemu mbili tofauti, ukitaka ya kutuma WhatsApp igeuze kwa programu ya HandBrake.

Nasaha za baba zimepatikana dakika kumi na moja kasoro, kuna sehemu mbili picha inavunjika lakini sauti yake inaendelea. Mama alitaka aisikilize peke yake kwanza, tukatoka nje.

Wiki iliyopita shangazi kanitumia kwa basi kutoka Tanga mfuko wa CD na DVD ishirini na tatu. Nimezitenganisha mezani, naanza na zilizoandikwa majina kwa kalamu.