Kabla ya kupanda mboga wakati wa kiangazi, hesabu mitungi

Anayeanza bustani mwezi wa Januari, awe Nyakach au Seme kule Kisumu, au upande wa Rongai kule Nakuru, huuliza kwanza apande nini. Kuna swali linalotangulia hilo: watu na mifugo wakishakunywa, nyumbani hubaki mitungi mingapi ya maji kila siku? Lijibu kwa ukweli, bila kujumlisha mtungi ambao huenda ukapatikana kesho.

Mboga za majani zilizokwisha kufunika kitanda hunywa takriban lita 5 kwa kila mita moja ya mraba kwa siku, jua likiwa kali na upepo ukivuma. Kwa hiyo kitanda cha upana wa mita 1 na urefu wa mita 4 kinataka lita 20, yaani mtungi mmoja. Ukibakiwa na mitungi mitatu, una vitanda vitatu. Wengi hupanda kumi. Mmea unaopata theluthi ya maji yake hautoi theluthi ya majani; hukimbilia maua, jani linabaki dogo, gumu na chungu, na wadudu wanaupenda zaidi. Afadhali vitanda saba uvifunike kwa mabua ya mahindi vingojee mvua za Machi, kuliko kuvikalisha vyote kumi na kiu.

Hata katikati ya kiangazi, Kisumu hupata mvua za ghafla za jioni, na hizo hupotea bure katika boma lenye mabati yasiyo na mfereji wa kukinga maji. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ya paa ni lita 1. Paa la mita 6 kwa 8 likinyeshewa milimita 20 linateremsha lita 960. Toa sehemu moja kati ya tano kwa yale yanayoruka nje na ya mwanzo yanayoosha vumbi na kinyesi cha ndege, na bado unabaki na zaidi ya lita 700. Funga mfereji kabla ya kununua mbegu.

Maji ya kusuuza vyombo yanafaa, mradi yamwagwe kwenye udongo, mbali na majani. Maji ya kufulia kwa sabuni ya unga ni jambo jingine. Sabuni hizo nyingi zina sodiamu, na sodiamu ikirundikana kwenye udongo wa mfinyanzi huufanya ugande na kukataa maji. Yapeleke kwenye migomba na malenge, ukibadilishana na maji safi, na usiyape miche kamwe. Maji yenye dawa ya kuondoa madoa yamwage mbali kabisa na bustani. Wenye visima virefu upande wa Nakuru waangalie pia chumvi: utando mweupe ukianza kuonekana juu ya udongo kiangazi, mwagilia mara chache lakini kwa wingi ili chumvi ishuke chini ya mizizi, na mvua ikija mwachie kitanda hicho maji ya paa.

Sasa kitanda chenyewe. Tuta lililoinuliwa ni la msimu wa mvua. Wakati wa ukame kitanda hushushwa. Pima mita 1 kwa 4, chimba udongo wa juu sentimita 20 uuweke upande mmoja. Legeza udongo wa chini kwa jembe uma kina kingine cha sentimita 15 hivi. Sehemu yake itoe uitumie kujenga kingo pande zote nne, uzishindilie. Changanya ule udongo wa juu na samadi iliyoiva vizuri, debe moja kwa kila mita ya mraba, kisha urudishe. Ukimaliza, uso wa kitanda uwe chini ya njia kwa sentimita 10 na uwe sawa kabisa. Ukiinama upande mmoja, maji yote yatakusanyika huko na mimea ya upande wa pili itakauka huku ukidhani umeinywesha.

Samadi mbichi usiitie. Wakati wa mvua hasara yake ni ndogo, lakini kwenye udongo mkavu chumvi zake huvuta maji kutoka kwenye mizizi, na miche huungua ncha za majani ndani ya siku chache. Mbolea ya CAN, ile ya dukani yenye naitrojeni, nayo ina tabia hiyo hiyo. Bila unyevu haiyeyuki na kufika kwenye mizizi, na ikiyeyuka kwenye maji kidogo inakuwa kali mno. Samadi iliyoiva haina harufu ya mkojo, haina joto ukiingiza mkono katikati ya rundo, na huvunjika vidoleni.

Udongo mweusi wa nyanda za Kano, karibu na Kisumu, unahitaji neno la ziada. Ukikauka hupasuka, na nyufa hizo hukausha udongo hadi chini. Siku moja baada ya kumwagilia, uso ukianza kukauka lakini haujagumu, kwaruza sentimita 2 au 3 za juu ili nyufa zisifunguke, kisha funika. Na kumbuka kwamba kitanda kilichozama kwenye udongo huo hugeuka dimbwi mvua zikianza. Acha nafasi kwenye ukingo wa chini ambayo unaweza kuifungua kwa jembe mara moja, kwa sababu saga (mgagani) na kunde zikikaa majini siku mbili au tatu mizizi hukosa hewa na majani huwa ya njano. Karibu na mto Nyando, panapofurika kila msimu, vitanda hivi ni vya kiangazi tu.

Kumwagilia kila siku kidogo kidogo ndiko kunakopoteza maji mengi zaidi. Mtungi mmoja kwenye kitanda cha mita 4 za mraba ni milimita 5 tu. Unalowesha juu, jua linachukua, na mizizi inajifunza kukaa juu. Kwenye udongo mzito, mimea ikishashika, weka mitungi mitatu kila baada ya siku tatu. Kwenye udongo mwepesi wa volkano wa Gilgil na sehemu za Rongai maji hupita haraka, kwa hiyo mpango huo utapeleka nusu chini ya mizizi: huko toa mitungi miwili kila baada ya siku mbili, na ongeza samadi. Usikisie. Chimba kidole hadi sentimita 10 kati ya mimea, chukua udongo, ufinye. Ukishikamana, ngoja. Ukitawanyika, mwagilia. Majani kulegea saa nane mchana si ushahidi wa kiu. Yakiwa bado yamelegea saa moja asubuhi, hapo umechelewa.

Matandazo ndiyo yanayofanya hesabu ya mitungi iwezekane. Nyasi kavu au mabua yaliyokatwakatwa, unene wa sentimita 5 hadi 8, yakiachiwa nafasi ya vidole vitatu kuzunguka shina ili lisioze. Usitumie nyasi ya sangari: kipande chake kimoja chenye kifundo kikipata unyevu kitachipua na utapigana nacho miaka. Nyasi ziwe zimekatwa kabla ya kutoa mbegu. Mchwa wakianza kula matandazo, waachie mabua makavu kando ya bustani, na mwagilia chini ya matandazo badala ya juu yake.

Kwa wenye mimea michache ya thamani, kwa mfano miche minne ya sukuma au pilipili, mtungi wa udongo hufanya kazi nzuri kuliko yote. Chagua uliochomwa lakini haukupakwa rangi wala kung'arishwa, ule unaotoa jasho ukijazwa maji. Ufukie hadi shingoni, panda kuuzunguka umbali usiozidi sentimita 30, funika mdomo kwa jiwe bapa ili mbu wasizalie humo, ujaze kila unapopungua nusu. Maji hutoka polepole kulingana na ukavu wa udongo. Chupa ya plastiki ya soda iliyotobolewa kifuniko kwa sindano na kufukiwa kichwa chini hufanya kazi karibu sawa na hiyo, ila tundu huziba kwa matope. Funga kitambaa chembamba juu ya kifuniko kwanza.

Kuhusu cha kupanda, msimamo wetu ni wazi: kabichi na nyanya ziache hadi mvua. Nyanya inayopata maji leo na kukosa kesho huoza kitako, kwa sababu kalsiamu husafiri na maji na haifiki kwenye tunda. Utitiri mwekundu nao humaliza majani wakati wa joto kavu. Boga la kienyeji na mboga zetu za asili ndizo zinazolipa.

Kunde ndiyo ya kwanza. Ikipata maji wiki mbili au tatu za mwanzo, mizizi hushuka na inajitafutia. Panda mbegu mbili kila shimo, sentimita 15 kwa mistari ya sentimita 30, na usiijaze samadi. Anza kuchuma wiki ya tatu au ya nne, ukikata ncha ili itoe matawi. Kuing'oa na mizizi, kama wanavyofanya wauzaji, hukupa mlo mmoja tu.

Saga ina mbegu ndogo sana. Ichanganye na mchanga mkavu, imwage kwenye mistari, funika kwa udongo usiozidi sentimita 1. Mbegu iliyovunwa juzi huwa haioti vizuri. Inayofaa ni iliyokaa miezi kadhaa. Kiu ikiipata hutoa maua mapema, kwa hiyo yavunje kila unapopita. Mrenda una ganda gumu: funga mbegu kwenye kitambaa, itumbukize kwenye maji yaliyokaribia kuchemka kwa sekunde 10, ipooze mara moja, panda. Ukiacha hatua hiyo utaona miche michache, halafu mingine itaota wakati usioitaka. Mitoo (marejea) huvumilia sana ikishashika. Managu (mnavu) ndiyo yenye kiu kuliko zote hizi. Iwekee kivuli cha majani ya migomba juu ya vijiti vya mita 1, upande wa magharibi, jua la alasiri likatwe.

Sukuma wiki ya zamani usiing'oe. Mizizi yake tayari iko chini. Punguza majani, bakiza matano au sita juu, mpe kila shina lita 2 kila baada ya siku tatu. Vichipukizi vya pembeni utavipanda mvua zikija.

Vidukari watakuja, hasa chini ya majani ya sukuma na kwenye ncha za kunde. Wapondaponde kwa vidole mapema wakiwa wachache. Wakizidi, kijiko cha chai cha sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kwenye lita moja ya maji, nyunyiza chini ya jani jioni, suuza asubuhi. Sabuni ikipigwa na jua la mchana huunguza jani. Jaribu mmea mmoja kwanza.

Chuma alfajiri, jani likiwa limejaa maji. Mchicha uliopata kiu hurundika naitreti, chumvi ya naitrojeni inayodhuru ikizidi, kwa hiyo uchemshe na umwage maji ya kwanza, hasa ukiwapikia watoto wadogo. Managu yenye matunda mabichi ya kijani, toa matunda yote, hayo hayapikwi. Uchungu wa saga na mitoo hupungua ukichanganya na kunde au mrenda na kuongeza maziwa, kama inavyopikwa huku kwetu tangu zamani. Magadi yawe chembe tu, yakizidi yanaharibu vitamini.

Siku mboga zikiwa nyingi kuliko mlo, kausha. Osha majani ya kunde, tumbukiza kwenye maji yanayochemka dakika 2, pooza, kamua, tandaza tabaka moja kwenye chandarua au turubai safi chini ya kivuli chenye upepo. Jua la moja kwa moja hukausha haraka lakini huua vitamini A. Yakiwa yanavunjika mkononi, kwa kawaida siku ya pili au ya tatu, yatie kwenye kopo lenye kifuniko cha kubana. Lolote lililobaki laini litaotesha ukungu na kuharibu kopo zima, kwa hiyo kagua jani kwa jani sehemu za mishipa na vikonyo.

Mbegu ya msimu ujao ichaguliwe wakati huu huu wa shida. Weka kamba kwenye shina la saga lililochelewa kutoa maua kuliko mengine yote, uliachie maji yake hadi maganda yakomae. Wengi huchukua mbegu kwenye shina la kwanza kukomaa kwa sababu liko tayari, na hivyo kila mwaka saga yao inakimbilia maua mapema zaidi. Vuna maganda yakianza kuwa ya njano, kabla hayajapasuka, yamalizie kukauka ndani ya mfuko wa karatasi, uandike juu yake jina la mboga na mwezi.