Mraba Ukizungushwa Bado ni Mraba: Kwenu Wakufunzi Wapya wa Hisabati

Wadogo zangu, juzi nilikaa dawati la nyuma kumkagua mwenzenu akifundisha jometri wanachuo wa ualimu wa mwaka wa kwanza. Andalio la somo safi, mwandiko wa kupendeza. Dakika ya tano akaandika: "Msambamba ni pembenne yenye jozi mbili za pande sambamba." Dakika ya kumi tayari yuko kwenye ithibati, yaani uthibitisho. "Tuko pamoja?" "Ndiyooo!" Mbele yangu kijana mmoja alikuwa amechora trapeza, yenye jozi moja tu ya pande sambamba, pembeni yake ameandika "msambamba" na kulipigia mstari kwa rula. Usingizi ulinipaa usiku ule, maana kosa hilo la mwenzenu nililifanya mimi kabla yenu.

1. Wapimeni kabla ya kufundisha. Maswali matano, dakika kumi, wiki ya kwanza. Basi.

2. Msitegemee umri. Mwanasaikolojia Piaget aliweka mwanzo wa kufikiri kidhahania kwenye miaka 11 au 12, nasi tukiona mtu wa miaka 20 tunadhani yuko tayari kwa ithibati. Pierre van Hiele na mkewe Dina, walimu wa Uholanzi waliowasilisha tasnifu zao Utrecht mwaka 1957, walisema mtu hupanda ngazi za jometri kwa kufundishwa, si kwa kukua tu. Kwanza hutambua umbo kwa sura, kisha huona sifa zake, kisha huunganisha sifa hizo: huu ni mstatili, kwa hiyo ni msambamba pia. Ithibati inakuja baada ya hapo. Ngazi hairukwi.

Hayo nilikuwa nayajua, nimeyajibia hata mtihani. Sasa sikieni nilichofanya mwaka wangu wa kwanza kazini. Wiki tatu nzima nilijaza ubao kwa ithibati. Jumla ya pembe za ndani za pembetatu: chora mstari kupitia kipeo A, sambamba na kitako, upate nyuzi 180. Walinakili kila nukta. Kwenye jaribio nikageuza pembetatu, kipeo chini, herufi PQR. Karatasi nyingi zilirudi na ABC, kipeo juu, neno kwa neno kama ubaoni.

Nikawaka. Nikawaita wavivu. Nikamwinua binti mmoja wa kando ya dirisha, nikachora mraba uliosimama kwa kona yake, nikamuuliza hilo ni umbo gani. "Almasi, mwalimu." Darasa likacheka, nami nikacheka nao. Nikamwambia akae, arudi kwanza shule ya msingi. Alikuwa amenionyesha wazi kabisa yuko ngazi ipi, nami sikumsikia. Hakunyoosha mkono tena mpaka muhula ukaisha.

Wakati wa mazoezi ya kufundisha nilipangiwa kumkagua yeye. Alichora mraba ubaoni, umelala sawasawa. Mtoto mmoja akageuza daftari lake, akauliza, "Mwalimu, na hivi je?" Binti yule akanitazama mimi kule nyuma kabla ya kumjibu mtoto. "Liweke daftari vizuri," akasema. Macho yale ninayo hadi leo.

Baada ya kipindi tulikaa chini ya mwembe, nikamwomba radhi. Nikakata karatasi ya mraba nikampa. Akaikunja kwa ulalo mmoja, akaikunja kwa mwingine, akalinganisha kila pembe na kona ya daftari. Kisha akaizungusha polepole juu ya goti. "Kumbe hakuna kilichobadilika." Hazikufika dakika tano.

3. Karatasi za kukunja, ubao wa misumari na rababendi: faragueni, tengenezeni wenyewe kwa vilivyopo.

4. Zungusheni michoro. Kitako cha pembetatu kisikae chini kila siku.

5. "Mmeelewa?" si swali. Mwambie mmoja amweleze mwenzake, kwa maneno yake, kwa nini kila mraba ni rombasi (pembenne yenye pande zote sawa), nawe unyamaze. Nyamaza kweli, hata dakika zikiyoyoma. Mwenzenu wa juzi nilipomwambia hivyo aliniuliza mada ataimaliza lini. Namwelewa, mtihani una tarehe yake. Lakini wanachuo hawa kesho kutwa watasimama mbele ya watoto, na mtoto mmoja atageuza daftari. Jumatatu naingia naye darasani na mkasi na rimu ya karatasi. Yeye atafundisha, mimi nitakata.